Nendeni Ngamiani Mkale Wali Huu Ungali Moto

Jamani watu wa Tanga, na nyinyi mnaopita Tanga mkielekea Horohoro au Pangani, tegeni sikio! Ngamiani, barabara ya 11, umefunguliwa mgahawa mpya wa chakula cha mchana, na wali wa nazi unaopakuliwa pale ni ule wali wa harusini, tena wa harusi ya watu waliojipanga, wenye mpishi aliyefuatwa miezi kabla. Kadi ya mwaliko haihitajiki. Unahitaji shilingi 2,500, mikono safi na njaa ya kutosha.

Nimetoka kula pale mchana huu na nimekataa kusubiri. Najua mgahawa mpya hupewa muda, watu wa jikoni wazoeane, mhudumu azijue meza zake, ndipo mtu afungue mdomo kusema lolote. Huu hauhitaji kuonewa huruma hiyo. Umeanza ukiwa umekomaa. Kila sahani iliyopita mbele yangu ilikuwa imepikwa na mtu anayeijua kazi yake na kuipenda, na mimi chakula cha pwani naweza kukizungumza kutwa nzima bila kuchoka. Kwa hiyo nivumilieni, nina mengi!

Kwanza mjue kwa nini nimefurahi hivi. Mji wetu unakua. Tangu ilipoamuliwa kwamba bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, liishie hapa kwetu Chongoleani, wageni wameongezeka na sehemu za kula nazo zimeongezeka. Nyingi kati ya hizo mpya zinauza chipsi kuku, chipsi mayai, mishkaki na soda. Ni vitamu, sina ugomvi navyo. Lakini ikifika mchana, mtu wa pwani na mgeni aliyekuja kuionja pwani wote wanatafuta wali, samaki na mboga iliyoungwa kwa nazi, na hapo ndipo tulipozoea kuvumilia. Wali unapikwa saa nne asubuhi, unamiminwa kwenye hotipoti kubwa, unapakuliwa humo hadi saa tisa. Maharage yana maji mengi na tui la kunusia. Samaki alikaangwa tangu asubuhi, sasa amekakamaa. Tunakula, tunashukuru, tunarudi kazini, na chakula cha heshima tunakingoja hadi mtu aoe.

Mgahawa huu umeikataa desturi hiyo. Chakula cha kila siku kimepewa heshima ya chakula cha shughuli, na bei imebaki ya kila siku. Hilo ndilo jambo lenyewe, na yote nitakayoyasema yanatoka hapo.

Sasa twende. Bango bado halijatundikwa, kwa hiyo usihangaike kutafuta jina. Tafuta nyumba ya Kiswahili iliyopakwa rangi ya kijani, yenye baraza ndefu na bodaboda zimepangwa mbele yake. Ukifika saa sita utaongozwa na pua! Harufu ya nazi inayochemka na samaki anayepakwa juu ya makaa inakupokea hatua nyingi kabla hujaiona nyumba. Ndani wamevunja ukuta mmoja, vyumba viwili vya mbele vimekuwa ukumbi mmoja wenye meza chache, viti vya plastiki, feni zinazozunguka kweli na sakafu iliyosuguliwa ikang'aa. Mlangoni kuna mabomba ya kunawia na sabuni, na kando yake kisahani cha vipande vya ndimu kwa anayetaka kuondoa harufu ya samaki mikononi baada ya kula. Ndimu, jamani! Mtu aliyefikiria ndimu ya kunawia amekufikiria wewe mlaji tangu unaingia hadi unatoka. Nimeupenda mgahawa huu kabla sijakaa.

"Karibu dada, nawa kabisa, chungu cha pili ndiyo kinafunuliwa," akaniambia binti anayehudumia.

Chungu cha pili. Maneno hayo ndiyo siri ya pale, na niliielewa nilipotazama nyuma. Ukuta wa mwisho una dirisha pana linalofunguka uani, na jiko lote liko huko, mbele ya macho ya mlaji. Hakuna kilichofichwa. Vijana wawili wamekaa juu ya mbuzi wanakuna nazi, saa ya mchana kweupe, watu wakiwa tayari wanakula. Mahali pengi nazi hukunwa alfajiri mara moja kwa siku nzima, au hakuna kukuna kabisa, tui linatoka kwenye pakiti. Hapa kila chungu cha wali kinakamuliwa nazi zake. Chungu cha kwanza kinafunuliwa saa sita, cha pili kinafuata watu wanapoanza kujaa, na kikikaribia nusu kinabandikwa kingine. Anayeingia saa sita na anayeingia saa nane wote wanakula wali uliotoka motoni sasa hivi.

Nazi zenyewe ni za Pangani, kavu, zilizokomaa barabara. Nazi huchukua karibu mwaka mzima tangu ua mpaka kufikia ukomavu huo, na ukomavu ndio unaoleta mafuta. Dafu ni la kunywa. Tui zito linataka nazi iliyosubiriwa. Nikaomba kusogea karibu nione, wakaniruhusu bila kununa. Nazi iliyokunwa inatiwa maji ya vuguvugu, inakandwa kwa mikono, inakamuliwa kwenye kifumbu, linashuka tui la kwanza, jeupe na zito, linaning'inia kwenye upawa. Linawekwa pembeni. Machicha yanaongezwa maji, yanakandwa tena, linatoka tui la pili, jepesi. Mpishi asiyejali huyachanganya yote mawili kwenye sufuria moja na kuendelea na mambo yake. Hapa kila moja lina chombo chake na zamu yake, na utamu wote unaanzia hapo.

Tazameni basi wali unavyopikwa. Mchele ni wa Mombo, wa msimu uliopita, kwa sababu mchele mpya unyevu wake bado mwingi na punje zinashikana, ila uliokaa unakunywa maji vizuri na punje inasimama peke yake. Tui jepesi linachemshwa na chumvi, mchele unaingia, unafunikwa. Maji yakikaribia kukauka ndipo tui zito linamwagwa juu, wali unageuzwa kwa mwiko mara moja tu, kisha wanaupalia: makaa machache yanabaki chini, mengine yanapandishwa juu ya mfuniko, na chungu kinaachwa kimya. Moto wa juu unakausha uso wa wali bila kuuchoma. Moto wa chini unatengeneza ukoko. Kwenye jiko la gesi jambo hili ni gumu kulipata, na kwenye sufuria la watu mia ndiyo kabisa. Ndiyo maana wanapika chungu kidogokidogo, na ndiyo maana jasho linawatoka.

Sahani ikaja. Eeh! Punje nyeupe, zinang'aa kwa mafuta ya nazi, kila moja imekaa kivyake, ukiibonyeza kwa kidole inalainika. Chumvi imeingia ndani ya punje, haikunyunyizwa baadaye. Nilikula tonge la kwanza tupu, bila mchuzi, bila mboga, na lilikuwa limekamilika. Wali unaolika mtupu ni wali uliopikwa! Kisha yule binti akarudi na swali ambalo sijawahi kuulizwa mgahawani: "Dada, nikuletee na ukoko?"

Ukoko! Ule wa chini ya chungu, ambao watoto wa nyumba nzima hugombania, ambao migahawa huukwangua na kuutupa. Hapa unaletwa kwenye kisahani chake, mwembamba, rangi ya kahawia, unavunjika mdomoni na kuacha ladha ya nazi iliyokaangika. Hautozwi chochote. Ukiisha umeisha, mpaka chungu kingine, kwa hiyo ukiulizwa jibu haraka.

Sasa maharage, na hapa nawaomba mnisikilize kwa makini, maana maharage ndiyo kipimo changu cha mgahawa wowote wa mchana. Biriani kila mpishi ataipika kwa bidii, kwa sababu anajua itatazamwa. Nguru wa kukaanga anajiuza mwenyewe. Maharage ni chakula cha anayehesabu pesa yake kabla ya kukaa, na namna mpishi anavyoyapika inakuonyesha anamwonaje mtu huyo. Ya hapa ni ya Lushoto, yamelowekwa usiku, maji ya kulowekea yamemwagwa, yamechemshwa taratibu mpaka kila punje imelainika na ganda halijapasuka. Kitunguu kimekaangwa kikaiva, nyanya imepikwa mpaka imepoteza uchachu. Tui limeingia mwisho, na baada ya hapo mpishi hakuondoka. Nilimwona kwa macho yangu: amesimama, anakoroga, anapandisha upawa na kuushusha, mpaka mchuzi umechemka. Ukiliacha tui lichemke bila kukoroga linakatika, mafuta yanapanda juu na maji yanabaki chini. Mchuzi wa hapa ulikuwa mzito, laini, umeshikamana na punje, na nyuma yake kuna pilipili nzima iliyotumbukizwa bila kupasuliwa, iache harufu bila kuwasha. Niliyamaliza yote na nikaufuata mchuzi uliobaki kwa ukoko. Sijapata kula maharage ya mgahawa yaliyofika hapo!

Na haya ndiyo ya shilingi 2,500, pamoja na wali, mchicha, kachumbari na kipande cha embe au chungwa. Wali maharage, sahani ya chini kabisa kwenye ubao wao, imepikwa kwa uangalifu uleule wa sahani ya juu kabisa. Muuza genge anakula hivyo. Fundi gereji anakula hivyo. Mwanafunzi aliyechanga na wenzake anakula hivyo. Hicho ndicho kilichonifanya niandike leo badala ya kesho.

Mpishi mkuu ni mama wa makamo, amefunga kanga kiunoni, sauti yake ya chini na macho yake hayatoki kwenye vyungu. Nilipokwenda dirishani kumshukuru nikamwamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Umeshiba?" Nikamwambia nimeshiba na nimefurahi. "Basi kawaambie wenzio," akasema, akageukia chungu chake. Nikamwomba dakika mbili, akanipa. Kumbe ni mpishi wa shughuli, amepika harusi, hitima na maulidi miaka mingi mjini hapa na vijijini Muheza. Nikamuuliza kwa nini chakula cha shughuli huwa kitamu kuliko cha mgahawani. Akanieleza kwamba shughulini watu wanakula kwa pamoja, sinia zinatoka, chakula kinaisha kingali moto. Mgahawani watu wanakuja mmojammoja, na chakula kinazeeka kikiwasubiri. Alipoamua kufungua mgahawa akaligawa sufuria lake kubwa likawa vyungu vidogo, ili kila kundi linaloingia likute shughuli yake. Ni hesabu rahisi, inataka mikono mingi na uvumilivu mwingi, na yeye ameikubali.

Twende kwenye samaki, maana sikuja kula maharage peke yake! Leo alikuwa changu wa kupaka. Wanamnunua asubuhi kwenye soko la samaki la Deep Sea, mashua zikishusha, na wanamchagua kwa wavuvi wa mshipi na madema. Hilo nalo nalipigia makofi. Pwani yetu ya Tanga iliumizwa sana na uvuvi wa baruti, matumbawe yakavunjwa na mazalia ya samaki yakaharibiwa, na mvuvi anayekwenda kwa mshipi anastahili mnunuzi anayemheshimu. Samaki wa namna hiyo unamjua hata sahanini: nyama yake imeshikana, haijapondeka, inaachana na mfupa kipande kwa kipande.

Changu anachanjwa mbavuni, anasuguliwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu, tangawizi na pilipili, anaachwa akolee. Anawekwa juu ya makaa yaliyochanganywa na vifuu vya nazi, na moshi wa vifuu ni mtamu, jamani, unaingia ndani ya nyama. Pembeni tui zito linachemshwa na kitunguu saumu, binzari ya manjano na ukwaju mpaka linakuwa rojo la kusimama. Samaki akianza kukauka anapakwa. Rojo linashika, linakauka, anapakwa tena. Anageuzwa, anapakwa. Anakuja mezani amevaa tabaka kadhaa za nazi iliyobanikwa, kingo zimeungua kidogo, katikati bado kuna unyevu, na ukwaju unaukata utamu wa nazi mahali hasa unapotaka ukatwe. Nilimla changu yule mpaka kichwa. Wali na samaki wa kupaka ni shilingi 6,000, na samaki ni mzima, wa kutosha mtu mzima mwenye njaa.

Kwenye ubao, chini ya samaki, wameandika kwa chaki: pweza siku za bamvua. Nilifurahi kuliona hilo! Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali, miamba inabaki wazi, na watafutaji wa pweza wanatembea juu yake kwa miguu wakichungulia mashimo. Siku nyingine pweza anayeuzwa mjini mara nyingi ni wa barafu. Mama huyu amekataa kumwandika ubaoni kila siku. Bahari ikimpa, anapika. Isipompa, anafuta. Vivyo hivyo wakati wa kusi, upepo ukichafua bahari na mashua ndogo zikishindwa kutoka, ubao utapungua samaki na kuongeza kunde, mbaazi na kuku wa kienyeji. Binti aliniambia hayo waziwazi, bila kuona haya, na ndivyo jiko la pwani linavyotakiwa kuwa.

Halafu kuna bada! Nilidhani macho yamenidanganya. Ugali wa unga wa muhogo, chakula kilicholea nyumba nyingi za Muheza, Mkinga na Pangani, umeandikwa mstari wa juu kabisa, juu ya wali, juu ya pilau. Migahawa ya mjini imeuacha kwa miaka, ukabaki wa nyumbani na wa shambani, na vijana wetu wengi wanakua hawajauonja. Bada ni chakula kinachotaka mkono: unga ukiingia vibaya unapata madonge, moto ukizidi unavutika kupita kiasi. Mama alinikatia kipande nionje, laini, kimeiva hadi ndani, kinakwenda na ng'onda wa nazi. Ng'onda huyo amelowekwa akatolewa chumvi ya ziada, akaungwa kwa tui na vipande vya embe mbichi vinavyomchangamsha. Shilingi 4,000. Wazee wawili meza ya jirani walikuwa wanakula bada kwa utulivu mkubwa, na mmoja wao, mwenye kanzu na kofia ya mkono, alipomaliza alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti iliyosikika ukumbi mzima, akaagiza ya kufungiwa akampelekee mkewe. Watu wa Tanga, chakula chetu kimerudi mezani kikiwa kimenyoosha shingo!

Mboga msizipite. Kisamvu kimetwangwa kwenye kinu na kuchemshwa muda mrefu inavyotakiwa, kwa sababu majani ya muhogo mabichi yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuiva vizuri, kisha kimepikwa kwa tui mpaka kimekuwa laini, kizito, cha kijani iliyokoza. Mchicha hauna maji yanayotembea sahanini. Kachumbari inakatwa unapoagiza, kitunguu kimeoshwa kwa chumvi kikapoteza ukali, ndimu inakamuliwa mbele yako. Kuna achari ya ndimu iliyoanikwa juani, na kuna pilipili ya kusaga na embe mbichi ambayo nawaonya kwa upendo: anzeni na tone. Ni kali, ina harufu nzuri, na ukishaizoea huwezi kula bila hiyo.

Vinywaji ni vya matunda yenyewe. Machungwa ya Muheza yanakamuliwa mbele yako. Juisi ya ukwaju ni nzito na imechujwa. Juisi ya mabungo ipo msimu wake ukifika. Sukari inaletwa pembeni kwenye kibakuli, ujipimie mwenyewe, jambo ambalo wenye kisukari na wazazi wa watoto watalishukuru. Ukimaliza, usikimbie. Barazani anakaa mzee wa kahawa na dele lake, kahawa chungu ya moto, kashata ya karanga pembeni, na mazungumzo ya mji mzima yako pale. Nilikaa kidogo, nikasikia habari za mpira, bei ya mkonge na nani anaoa Jumamosi.

Niseme pia habari za huduma, kwa sababu chakula kizuri mkononi mwa mhudumu aliyenuna kinapoteza nusu ya utamu. Hapa unaitwa dada, kaka, baba, mama, babu, kulingana na ulivyo, na unaambiwa ukweli. Samaki akibaki mmoja unaambiwa amebaki mmoja. Chungu kikiwa bado kinapaliwa unaambiwa subiri dakika kumi, na maji ya kunywa yanaletwa ukiwa unasubiri. Nilimwona bodaboda aliyeingia na vumbi lote la safari akikaribishwa kwa sauti ileile aliyokaribishwa nayo bwana aliyeshuka kwenye gari lenye kiyoyozi. Wakakaa meza moja, kwa sababu nafasi ilikuwa hiyo tu, wakala wali wa chungu kimoja. Hayo ndiyo ninayoyapenda kwenye chakula cha mchana cha mji huu, na humu ndani yamepata nyumba.

Sasa ya vitendo. Wanafungua Jumatatu hadi Jumamosi, kuanzia saa tano na nusu, na chungu cha mwisho hufunuliwa saa tisa kasoro. Samaki wa kupaka anawahi kwisha, hivyo anayemtaka afike kabla ya saa saba. Wanapokea pesa taslimu na Lipa Namba. Ukitaka kufungiwa njoo na hotipoti au bakuli lako, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 na wao wanaifuata sheria; ukija mikono mitupu watakufungia kwenye boksi la karatasi kwa shilingi 300. Juisi ni shilingi 1,000. Kisamvu cha nyongeza ni 1,000. Kuku wa nazi na wali ni 5,000. Nafasi ni ndogo, na ikifika saa saba watu wanasimama barazani wakisubiri meza, kwa hiyo wenye ofisi zinazotoa ruhusa mapema waitumie ruhusa hiyo.

Ijumaa ni siku ya pilau, baada ya swala. Viungo nimevinusa kwenye vyombo vyao, na vinatoka safu za Usambara Mashariki, upande wa Amani: iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Kando yake kuna binzari nyembamba wanayoikaanga na kuitwanga asubuhi ileile. Pilau yao sijaila bado na sitaisifia kwa kuinusa. Lakini mtu anayepika maharage namna ile, mimi pilau yake nitaipangia foleni.

Uamuzi wangu ni huu, na nausema kwa moyo mkunjufu: kwa chakula cha mchana cha pwani, kwa bei ya mfanyakazi wa kawaida, sijui mgahawa mwingine hapa mjini unaoushinda huu leo. Ombi langu kwenu ni moja. Kukuna nazi kwa kila chungu ni kazi nzito, ina gharama, na itaendelea kufanyika ikiwa tu watu wanakuja kula. Mpishi wa namna hii akikosa walaji atalazimika kurudi kwenye sufuria moja la saa nne asubuhi, na sisi tutarudi kungoja harusi. Kwa hiyo nendeni. Wapelekeni wageni wenu, wapelekeni watoto wakaonje bada, lipeni vizuri, mkishiba mwambieni mama dirishani kwamba mmeshiba. Na anayependa ukoko ajue kabisa: chungu cha kwanza kinafunuliwa saa sita kamili.